Watu Wasioomba Kitu

Shida ilianza mwaka 2012, mimi nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa mwokaji wa mikate kando ya ziwa letu kule Kongo. Nilikuwa na matanuri mawili na wafanyakazi, na nikipita njiani watu walinipisha. Shule niliiacha mwaka wa tatu, nikaenda kumbebea kuni mzee mmoja mwokaji, na kwake ndiko nilikojifunza kazi yote. Hakuna aliyenipa mtaji. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema mapema ili ijulikane.

Vita sitaeleza. Wameeleza wengi, na baadhi yao hawakuwepo. Tulitoka watatu: mimi, mke wangu, na binti yetu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Tukapita Uganda, tukaingia Kenya, tukashushwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma jua likiwa utosini. Mke wangu akatazama huku na huku akaniuliza, "Mzee, miti iko wapi?" Nikamwambia iko mbele. Haikuwa mbele.

Lakini nitasema jambo moja juu ya Kakuma ambalo watu hawasemi: pale hukai peke yako hata ukitaka. Kushoto Warundi, kulia watu wa kwetu kabisa, nyuma watu wa Sudan Kusini ambao watoto wao walipanda juu ya paa letu kana kwamba ni mlima wao. Asubuhi ulisikia kinu. Mke wangu alitwanga sombe, majani ya muhogo, na wanawake waliozungumza kama yeye, wakicheka, wakisengenya, wakiimba. Jumapili alikuwa na kwaya. Nguo za kwaya zilikuwa za njano na zilimkaa vizuri. Ukweli ni kwamba ndani ya mwaka mmoja alikuwa mtu wa pale.

Mimi sikuwa mtu wa pale. Mimi, niliyekuwa nikiwapa watu mkate, kusimama kwenye foleni nikingoja unga? Nikasimama, kwa sababu mtoto anakula. Lakini nilikuwa nikiangalia chini. Nikajenga tanuri dogo la udongo wa kichuguu, nikaanza kuuza. Wengine wakaona, nao wakajenga, mpaka kichochoro chetu kikawa na matanuri mengi kuliko midomo. Binti alipofika umri wa kuanza shule, nikapata karatasi ya kufanya kazi nje ya kambi. Nikamwambia mke wangu tunahamia mjini Lodwar.

"Lodwar kuna nani?" akauliza.

"Kuna watu wanaokula mkate."

"Sikuuliza wanakula nini. Nimeuliza kuna nani."

Nilikuwa nafunga sinia.

Tulipanga kiwanja upande wa Kanamkemer, mahali pa mchanga na mathenge, ile miti ya miiba. Majirani walikuwa Waturkana, mzee na mkewe, wenye vibanda vya majani ya mikoma na zizi la mbuzi lililozungushiwa miiba. Mimi nilijenga chumba cha matofali ya udongo, nikajenga tanuri kubwa, kisha nikazungushia kiwanja changu mabati, pande zote nne, na geti lenye komeo. Ndivyo tunavyojenga kwetu. Mtu mwenye mali yake huiwekea mlango.

Siku ya kwanza tanuri lilipowaka, yule mama jirani akaja. Alikuwa mwembamba, mrefu, shanga zimejaa shingo mpaka kidevu kimeinuka. Akasimama getini akanisalimu kwa lugha yao, "Ejok, baba ya mkate. Nipe mkate."

Nikampa. Mtu wa kwanza hapimiwi.

Kesho yake akaja tena. "Mama ya mkate, nipe chumvi." Mke wangu akampa. Baadaye sukari. Baadaye kamba. Siku moja akamwambia mke wangu, "Nipe hiyo kitenge." Kitenge kile alikuwa amekivaa! Na mumewe naye akija kuketi kwenye kigoda chake kando ya mabati yangu alikuwa na lake. "Baba ya mkate, nipe tumbako."

"Situmii tumbako."

"Basi nipe pesa ya tumbako."

"Sina."

"Basi nipe hiyo viatu, utanunua zingine. Wewe ni tajiri."

Alisema hivyo akinitazama usoni, bila kuinamisha kichwa, bila kutoa sauti ya huruma. Hilo ndilo lililonichoma. Kwetu anayeomba hulegeza sauti. Huyu alikuwa anaomba kama mtu anayedai chake.

Lazima nieleze tulivyolelewa, maana bila hilo mtu hataelewa. Kwetu mtoto akiingia kwa jirani akawakuta wanakula, akikaribishwa anasema, "Nimeshiba." Tumbo linaweza kuwa linanguruma, anasema nimeshiba. Akila, akirudi nyumbani atachapwa, kwa sababu amewaonyesha watu kwamba kwao hakuna chakula. Mimi nilichapwa. Mke wangu alichapwa. Binti yetu tulimfundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo mama jirani alipokuja na kibuyu cha maziwa, akakinyoosha kwa mke wangu, mke wangu alifanya adabu yote aliyofundishwa. Akashukuru kwa mikono miwili, akasema, "Asante mama, sisi tumeshiba." Binti akirudi kutoka shule akiitwa kule bandani ale matunda ya mikoma na watoto wenzake, alisema ameshiba. Mzee alipochinja mbuzi akaniita nikae na wanaume kwenye nyama, nikamwambia asante, nimetoka kula.

Na upande wa pili nikamwambia mke wangu, "Hii ya kutoa kila siku basi. Mkate unauzwa. Anayetaka anunue."

Wakaacha kuja. Sikuwafukuza. Walipunguza tu, halafu wakaacha, na mimi nikafurahi. Kazi ikaenda vizuri. Mikate inayokuja kwa lori kutoka Kitale hufika imechoka, na yangu ilikuwa inafuka moshi. Hoteli zikaanza kuchukua. Nikanunua baiskeli ya kubebea, kisha pikipiki.

Ndani ya mabati, mke wangu akaanza kunyamaza.

Mwanzoni sikuona. Mwokaji huamka watu wamelala na hulala watu wakiwa macho. Lakini mtu huona hata bila kuangalia. Aliacha kutwanga. Alisema kutwanga peke yako ni kama kupiga mtu. Akawa anawasha redio asubuhi na kuizima akienda kulala, na ilikuwa inaongea Kiturkana, na yeye haelewi hata neno. Kanisani walikuwa wanaimba vizuri, hilo hawezi mtu kulikana, lakini alisimama kati yao amefunga mdomo. Nguo ya njano ya kwaya aliitundika kwenye msumari, haikushuka. Jioni alipiga simu kwa rafiki yake wa kwaya kule Kakuma, na kupitia simu nilisikia kelele zote za kule nyuma, watoto, kinu, mtu anagombana na mwingine, na mke wangu hasemi kitu. Anasikiliza tu. Ananunua vocha ili asikilize watu wakigombana.

Nikamnunulia kitanda kikubwa. Nikamnunulia televisheni na sola ya kuiwasha. Akashukuru kwa kila kimoja kama mgeni.

Siku moja, anasafisha masinia, akasema, "Mzee, shule ikifunga mimi na mtoto tunarudi Kakuma."

"Kutembea?"

"Kukaa."

"Huku unakosa nini?"

"Mi sikatai kazi yako. Mukate wako ni muzuri. Lakini mukate hauongei." Aliposhikwa na jambo Kiswahili chake kilirudi cha kwetu kabisa. "Toka tuingie hapa, hakuna mutu ameita jina langu isipokuwa wewe. Na wewe unaniita Mama."

Nikamwambia nitanunua kuku, awe na kitu cha kuangalia. Akaendelea na masinia.

Shule ikafunga. Wakaenda. Aliacha kitanda, akaacha televisheni, akachukua ile nguo ya njano. Nilibaki na msumari ukutani.

Nitasema wazi jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wanaume hawasemi. Unakanda donge, unalipiga mezani, na sauti inajibu kutoka kwenye mabati, unageuka kuangalia nani amebisha. Hakuna. Chai unapika nyingi kwa mazoea, inapoa. Wateja walikuja: "Mbili." "Nne." "Ngapi?" "Ahsante." Kwa siku nzima maneno ndiyo hayo. Nilianza kusema mambo yangu kwa sauti ya juu, kwa lugha ya kwetu, ndani ya kiwanja kilichofungwa pande nne, na upepo wa Lodwar ukiyapiga mabati mpaka sijisikii mwenyewe. Niliugua homa, nikajipikia uji, nikaunywa, nikapona. Hakuna aliyejua nilikuwa mgonjwa. Wateja walidhani nimekosa unga.

Siku moja mama jirani akaja getini na sarafu mkononi. Hakuomba. Alisema, "Mkate moja," kama mtu wa mbali, akanyoosha pesa. Sijui kwa nini, lakini zile sarafu ziliniuma kuliko zile siku alizokuwa akiomba.

"Mama ilienda?" akauliza.

"Alienda Kakuma."

"Sisi tulijua itaenda."

"Mlijuaje?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Nyinyi ni watu ya kupita. Mimi iliomba mama chumvi, iliomba sukari, iliomba kamba. Yeye iliomba mimi nini?"

"Hakuwa na shida ya kitu."

"Maziwa nilileta, ilikataa. Mzee iliita wewe kwa nyama, ulikataa. Mtoto yako nilipea mikoma, ilikataa. Mtu anaenda kukaa, anaomba. Mimi naomba yako, wewe unaomba yangu, tunajuana. Wewe hautaki kitu yetu." Akachukua mkate wake. "Sasa hata mimi nanunua. Si ndio ulitaka?"

Akaenda zake.

Nilikasirika siku ile yote. Mtu hakufundishwa shule lakini amefundishwa adabu, halafu unaambiwa adabu yako ni tusi! Mpaka leo sisemi nilikosea. Nilifanya kama nilivyolelewa, na nililelewa vizuri. Lakini nilikuwa nataka mke wangu arudi, na dukani hakuna kitu nilichobakiza kumnunulia.

Kesho yake, baada ya mikate ya asubuhi, nikafungua geti nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya zizi. Tukasalimiana ejok, ejok, mpaka salamu zikaisha. Nikakaa mchangani. Mwisho nikasema, "Nimekuja kuomba."

"Unaomba nini? Njia?"

"Mbuzi."

Mzee akageuka akapiga kelele kwa lugha yake kuelekea vibandani, na ndani ya kelele ile nikasikia "mkate". Wakatoka. Mkewe, wakwe zake, watoto, hata watu nisiowajua. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akashika mti wa kibanda asianguke.

"Mbuzi gani?" mzee akauliza.

"Yoyote."

"Yoyote haiko. Mbuzi ina rangi."

Nikaonyesha. "Yule mweusi wa kichwa cheupe."

"Hiyo ni ya mtoto yangu. Iko hapa tu inakula."

"Yule mwekundu."

"Hiyo ni ya mama."

"Yule wa pembe moja."

"Hiyo niliahidi shemeji."

"Sasa yako ni ipi?"

"Zote ni yangu," akasema bila haya yoyote. Watu wakapiga makofi. Kisha akaniambia, "Rudi kesho."

Nikainuka, damu imenipanda. Kabla sijageuka akasema, "Na hiyo kofia, nipe."

Kofia ilikuwa nzuri, ya kitambaa kizito. Wote walikuwa wananiangalia. Nikaivua nikampa. Nikarudi nyumbani kichwa wazi kwenye jua la Lodwar, sina mbuzi na sina kofia. Nyuma yangu mama jirani akaniita, "Baba ya mkate! Usikasirike. Mzee haikukataa. Ikikataa ingesema mbuzi imekufa."

Nikarudi kesho. Nikarudi kesho kutwa. Kila siku nikaonyesha mbuzi, kila siku mbuzi akawa wa mtu, na kila siku nikaondoka nimeacha kitu. Lakini nikaketi pale. Nikanywa maziwa niliyopewa, nikayamaliza, ingawa ulimi wangu ulikuwa tayari kusema nimeshiba. Mzee alinieleza ukoo wa kila mbuzi. Mimi nikamweleza ziwa letu, na tanuri, na yule mwokaji niliyembebea kuni. Sijui alielewa kiasi gani. Alikuwa anaitikia mahali pasipofaa. Hata hivyo alikuwa anaitikia.

Nikaenda Kakuma. Nilimkuta mke wangu nje ya nyumba ya rafiki yake, ana kinu, wako wawili wanapokezana mchi. Alikuwa amenenepa. Binti akanikimbilia. Mke wangu aliweka mchi chini polepole.

"Umekonda, mzee. Kofia yako iko wapi?"

"Nimeombwa."

"Na ukatoa?"

"Nikatoa. Na mimi nimeomba."

"Wewe?" Akamgeukia rafiki yake. "Umesikia? Ati ameomba. Umeomba nini?"

"Mbuzi. Kwa mzee jirani."

"Akakupa?"

"Ananiambia nirudi kesho."

Yule rafiki akaficha uso kwenye kitenge. Mke wangu alijikaza, akashindwa, akacheka, na ilikuwa miaka sijamsikia. Halafu akachukua mchi wake.

"Basi na mimi nakuambia hivyo. Rudi kesho."

Nikalala kwa mtu wa kwetu. Nikarudi kesho. Akanipa chakula, akaniuliza habari za mama jirani, lakini hakufunga mzigo. "Siku huyo mzee atakupa mbuzi," akasema, "nitajua kwamba wamekubali tukae. Sitaki kurudi ndani ya mabati." Nikapanda gari peke yangu.

Jua lilizidi mwaka ule. Nyasi zilikwisha, na mzee akasikia mvua imenyesha upande wa Kalemng'orok, akaamua kuhamisha mifugo. Asubuhi ya kuondoka, mbuzi wameshatoka zizini, akaja getini kwangu amevaa kofia yangu. Anavuta kwa kamba mbuzi jike, mwekundu, mbavu zinahesabika.

"Hii ni ya mama," nikamwambia.

"Mama ilisema sawa. Ikizaa, mtoto moja ni yangu." Akanipa kamba. "Sasa nipe mkate ya njia."

Nikampa mikate yote iliyokuwa mezani. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia, nimepewa. Nikasikia kinu nyuma yake. Akauliza, "Wa rangi gani?" Nikamwambia mwekundu. Akasema, "Njoo utuchukue."

Siku waliyofika, kabla hajatua mzigo, alikwenda moja kwa moja kwa mama jirani, akasimama mbele yake, akanyoosha kidole shingoni mwake akasema, "Nipe hizo shanga." Wakabishana, sijui kwa lugha gani. Alirudi na uzi mmoja wa shanga nyekundu na bila kitenge chake cha juu. Tangu siku hiyo wanawake wanaingia na kutoka kwangu kama kwao. Mabati ya upande wa kwao niliyatoa, kwa sababu geti lilikuwa halifungwi tena na yule mama alitaka mawili.

Mke wangu amekaa. Hilo ndilo nililotaka, na nimelipata.

Mzee hakurudi kukaa. Alipata malisho kule, wanawe wakamfuata, na mkewe amebaki mjini na wajukuu. Yeye mzee huja mara moja moja, anaomba kitu, anaondoka. Mtu wa kuzungumza naye nilikuwa na huyo mmoja. Jioni mke wangu yuko upande wa pili, nasikia wanatwanga mtama na kucheka kwa lugha ambayo nimeishia kwenye salamu zake. Binti amekuwa msichana mkubwa. Nikimsemesha kwa maneno ya kwetu ananijibu kwa Kiturkana, au kwa kile Kiswahili cha vijana kisicho na kichwa wala miguu, halafu anauliza, "Papa, unasema aje?" Nabaki na tanuri. Tanuri linataka kuni, halitaki maneno. Mtu huzoea.

Tulichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba viwili, ya matofali ya udongo, paa la mabati. Tanuri moja kubwa na moja dogo lililopasuka. Masinia ya kuokea, meza mbili za kukandia, mapipa matatu ya maji. Pikipiki, tairi la nyuma limekwisha. Kitanda kikubwa na kimoja kidogo. Sola. Televisheni haipo, iliombwa. Mbuzi kumi na mmoja, wanne kati yao wana wenyewe. Kuku sijawahi kununua. Kinu kimoja na michi miwili. Kiwanja kimezungushiwa pande tatu.